Seli inayopiga mbiu kutoka mapafuni

Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Marekani, akiwamo Darwin Prockop, lilidunga seli za shina za binadamu, zilizokuzwa kutoka uboho wa mifupa, kwenye mishipa ya panya wenye mshtuko wa moyo. Nyingi hazikufika moyoni. Zilinasa mapafuni, katika mishipa myembamba mno kwazo. Hata hivyo moyo ulipata nafuu, na sehemu iliyoharibika ikawa ndogo kuliko kwa panya wasiotibiwa.

Tangu 2001 wengi walitumaini kwamba seli za uboho zingegeuka misuli mipya ya moyo, kama tofali linavyoziba tundu ukutani. Mwaka 2004 maabara zilizolijaribu wazo hilo hazikuiona misuli hiyo. Nafuu ilitoka wapi, basi?

Tuanze na jeraha lenyewe. Misuli ya moyo ikikosa damu, seli zake hufa na kumwaga vilivyomo. Chembe nyeupe za damu hukimbilia hapo kusafisha, ila vimeng'enya vyake havichagui: huyeyusha kilichokufa pamoja na kilicho hai kando yake. Sehemu ya hasara huletwa na usafishaji huo. Seli zilizonasa mapafuni zilitoa protini iitwayo TSG-6, damu ikaisafirisha, uvimbe moyoni ukatulia. Ushahidi wake ni mzuri sana: seli zilipozuiwa kutengeneza TSG-6, nafuu ilipotea; panya walipopewa protini hiyo bila seli, nafuu ilionekana.

Kwa nini basi tusitie protini kwenye chupa, tuachane na seli? Kwa sababu mbiu ya chupa hulia mlio mmoja tu. Seli hai husikiliza kwanza. Ikiguswa na TNF, kemikali ya kuashiria hatari inayotolewa na kinga ya mwili, huongeza prostaglandini E2. Nayo huzifanya makrofaji, seli zinazomeza uchafu, zitoe interlukini-10, ambayo hupoza mapambano. Hatari ikipungua, na jibu hupungua.

Arnold Caplan, aliyezipa seli hizi jina la seli za shina za mesenkima mwaka 1991, aliomba mwaka 2017 jina hilo libadilishwe, ziitwe seli tabibu za ishara. Aliona wagonjwa wakilipia sindano katika kliniki zisizo na idhini, wakiamini wanapandikiziwa tishu mpya.