Kundi la Mtaa, Mji wa Kale Ulipofungwa

Ujumbe wa kwanza ulioingia kundini jioni ya Mei 6, 2020 ulikuwa na maneno manne: "Jamani, nani ana nazi?" Tulikuwa katika kumi la pili la Ramadhani. Siku hiyo, kwa sababu ya korona, serikali ilikuwa imetangaza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa hauingiwi wala hautokwi kwa siku 15, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Siku hizo baadaye zikaongezwa hadi Juni 6.

Mimi naishi Kibokoni, humo Mji wa Kale. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa la habari za kawaida: nani kafiwa, maji yamekatika, arusi iko lini. Usiku ule likageuka soko.

Chakula hakikuwa kimekwisha Mombasa. Kongowea kulikuwa na nyanya, viazi na ndizi. Kilichokatika kwetu ni njia, na kabla ya njia kilishakatika kipato. Kafyu ilianza Machi 27, kuanzia saa moja usiku. Sasa fikiria muuza mishkaki, ambaye Ramadhani biashara yake huchangamka baada ya watu kufuturu na kuswali tarawehe: saa zake zote za kuuza zilichukuliwa. Hoteli za pwani nazo zilikuwa zimefunga, na wapishi na wafua mashuka wakarudi nyumbani mikono mitupu. Watu hawa hununua chakula cha siku: nusu kilo ya mchele, nazi moja, vitunguu viwili. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajiwekee akiba ya wiki mbili ni kumtaka atoe pesa ambazo hajawahi kuzishika kwa pamoja.

Kwa hiyo tukaanza kununua kwa kuchanga. Nyumba tatu au nne zinaandika zinachotaka, mmoja anajumlisha, pesa zinatumwa kwa muuzaji wa Kongowea, na mzigo unashushwa kwenye kizuizi cha barabarani, ambapo vijana wetu wanaupokea kwa mkokoteni. Jambo moja lilitusaidia sana: katikati ya Machi Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya kutumiana kwa M-Pesa pesa zisizozidi shilingi 1,000. Michango yetu mingi ilikuwa ya mia na kitu. Kwa kiasi kama hicho, ada ingekuwa kitunguu kizima.

Bei nazo zilijadiliwa waziwazi. Mtu alipiga picha ya fungu la nyanya, akaandika bei, na wa uchochoro wa pili akajibu kwamba kwao ni nafuu. Mwenye duka mmoja aliyekuwa amepandisha unga aliona mazungumzo hayo, na kesho yake akashusha. Uongo pia ulipita: ujumbe ulitutaka tutume majina na namba za vitambulisho tuletewe chakula. Wengi walituma. Hakikuja kitu.

Lakini kilichoniuma ni wale ambao hawakuandika neno. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa bi mkubwa mwenye simu ya kabambe, isiyo na intaneti, kundi halijui. Siku ya nne mjukuu wake alikuja kuomba chumvi, na katika kuzungumza naye nikafahamu kwamba wamefuturu maji na tende siku mbili. Siku zote nne simu yangu ilikuwa ikilia kwa habari za chakula, na mimi nikiamini kwamba mtaa mzima uko mle ndani.

Wengine walikuwamo na simu nzuri, ila hawakuweza kuomba mbele ya watu. Kwetu sahani ya futari huvuka uchochoro ikiwa imefunikwa kawa, na jirani hajui umepeleka nini wala kwa nani. Simu haina kawa. Wafadhili walipopeleka unga, picha za wanaopokea zilisambaa kabla unga haujapikwa. Mama mmoja aliniambia, "Dada, afadhali nilale na njaa kuliko wanangu kuonwa hivyo." Tangu siku hiyo tulikubaliana: hapana picha, na mwenye haja amwandikie mmoja wetu kwa siri.

Wapo watakaotetea simu kwa kunikumbusha yule mjane wa Mombasa, mfua nguo, ambaye mwishoni mwa Aprili mwaka huo alichemsha mawe ili watoto wake wadhani chakula kinaiva na wapitiwe na usingizi. Habari yake ilienea nchi nzima na watu wakamtumia pesa kwa simu. Ni kweli, na nawashukuru waliotuma. Lakini kabla ya habari kufika popote, jirani yake alikuwa ameijua hali yake na kuisemea. Simu ilikuja baada ya jirani.

Basi nikachukua daftari la mwanangu la shule, nikapita mlango kwa mlango na barakoa usoni, nikaandika nyumba zisizo na simu ya intaneti na zisizo na bando. Zilikuwa 11 katika nyumba 46. Kila mzigo ulipoagizwa, daftari lilifunguliwa kwanza, ndipo kundi.

Ikiwa mtaa wako una kundi, nakuomba uandike daftari kama hilo sasa, wakati njia ziko wazi.