Programu za kukokotoa: Kwa nini mhandisi mchanga hafai kuamini kila jibu

MWANAFUNZI wa uhandisi anapojiunga na chuo kikuu, silaha yake kuu huwa ni kikokotoo cha mkononi. Kilimfaa katika shule ya sekondari, na huendelea kumfaa kwa muhula mmoja au miwili. Kisha siku moja mhadhiri humpa kazi ya kutafuta nguvu inayobebwa na kila chuma katika paa la ukumbi mkubwa, na hapo kikokotoo hukwama.

Sababu si ugumu wa hesabu yenyewe. Milinganyo miwili yenye viwango viwili visivyojulikana hutatuliwa hata na mwanafunzi wa sekondari. Paa, hata hivyo, linaweza kuwa na viwango 300 visivyojulikana. Njia ni ile ile ya kuondoa kimoja baada ya kingine, ila sasa inadai takriban hatua milioni 18 za kuzidisha na kujumlisha. Mtu anayemaliza hatua moja kila sekunde 10, asile wala asilale, angehitaji zaidi ya miaka mitano. Tarakilishi ya kawaida humaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua.

Hapo ndipo programu za kukokotoa huingia, na mashuhuri miongoni mwazo ni MATLAB. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya maabara ya matriksi. Matriksi ni jedwali la nambari zilizopangwa kwa safu mlalo na safu wima, na karibu kila tatizo la uhandisi, liwe la daraja, la umeme au la mtiririko wa maji, huishia kuwa jedwali la namna hiyo.

Programu hiyo haikuzaliwa kiwandani bali darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New Mexico nchini Marekani, alitaka wanafunzi wake watumie LINPACK na EISPACK, mikusanyiko miwili ya programu za kushughulikia matriksi, bila kulazimika kwanza kuandika kwa lugha ya Fortran. Akawatungia njia nyepesi ya kutoa amri. Baadaye mhandisi Jack Little alitambua kwamba wahandisi wenzake wangeihitaji. Yeye na Steve Bangert wakaiandika upya, na mwaka wa 1984 kampuni ya MathWorks ikaundwa ili kuiuza.

Anayeanza hukutana na dirisha tupu linalosubiri amri. Akiingiza jedwali A na orodha b, kisha aandike A\b, milinganyo yote hutatuliwa. Mkwaju huo mmoja ulioinamia nyuma huficha kazi ambayo wanahisabati waliifanya kwa miongo mingi. Amri kadhaa zikihifadhiwa pamoja katika faili moja, tayari hiyo ni programu, na mwanafunzi ameanza kuandika programu pengine bila hata kujua. Asahau tu kuweka nukta-mkato mwishoni mwa mstari, na skrini itafurika maelfu ya nambari asizozihitaji.

Kikwazo cha kwanza ni gharama. Leseni ya MATLAB hulipiwa, na mwanafunzi ambaye chuo chake hakijainunua, au ambaye amehitimu na kuondoka na cheti chake, hujikuta nje ya mlango. Hapa wengi hawajui kwamba ipo GNU Octave, programu ya bure inayoelewa sehemu kubwa ya amri za MATLAB. John W. Eaton alianza kuiandika mwaka wa 1992 kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi wa kemikali, akaipa jina la aliyekuwa profesa wake, Octave Levenspiel. Aidha, kuna lugha ya Python pamoja na maktaba yake ya NumPy, ambayo pia haina malipo. Kwa mwanafunzi asiye na pesa, kuanza na Octave si aibu hata kidogo. Atakachojifunza humo atahamia nacho kwenye MATLAB karibu bila mabadiliko.

Kikwazo cha pili ni kigumu zaidi kuonekana, kwa kuwa hujificha ndani ya jibu lenyewe.

Mwanafunzi akiiuliza programu yoyote kati ya hizi iwapo 0.1 kujumlisha 0.2 ni sawa na 0.3, itamjibu kwamba si sawa. Tarakilishi huhifadhi nambari kwa tarakimu za 0 na 1 pekee, na sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa tarakimu hizo, kama vile theluthi isivyokwisha ikiandikwa kwa desimali. Tofauti ni ndogo mno, lakini hurundikana. Mnamo Februari 25, 1991, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kuzuia kombora la Scud kutoka Iraq. Saa yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na baada ya kuwaka kwa takriban saa 100 mfululizo ilikuwa imepotoka kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Wanajeshi 28 walifariki.

Hitilafu nyingine hutoka kwa mtumiaji mwenyewe, na huanzia kwenye mambo madogo kama kikombe cha chai.

Chukua chai yenye nyuzijoto 90 katika chumba chenye nyuzijoto 20. Tuseme kila dakika hupoteza joto kwa kasi ya sehemu moja ya kumi ya tofauti iliyopo kati yake na hewa. Hesabu kamili huonyesha kwamba baada ya dakika 10 chai itakuwa na nyuzijoto 45.8. Tarakilishi haifuati mtiririko huo kama ulivyo, bali hupiga hatua. Katika njia rahisi zaidi, iliyobuniwa na Leonhard Euler katika karne ya 18, hutazama kasi ya kupoa kwa sasa, ikachukulia kwamba haitabadilika hadi hatua ijayo, kisha ikarudia.

Hatua zikiwa za sekunde sita, jibu la dakika 10 huwa nyuzijoto 45.6. Zikiwa za dakika moja, ni 44.4. Mwanafunzi mvivu akiruka dakika 10 kwa hatua moja, ataambiwa kwamba chai imefika nyuzijoto 20, yaani imepoa kabisa. Akiruka dakika 25, jibu ni nyuzijoto 85 chini ya sufuri: chai imeganda kuwa barafu ndani ya chumba chenye joto! Programu haitoi onyo lolote. Imefanya ilichoambiwa.

Amri kama ode45 katika MATLAB hujichagulia urefu wa hatua na kupunguza hatari hiyo. Siku hizi akili bandia nayo huweza kumwandikia mwanafunzi programu nzima. Lakini chai iliyoganda huonekana kuwa kichekesho kwa sababu kila mtu anaijua chai. Ukuta wa zege chini ya bahari hakuna aliyezoea kuukunywa.

Mnamo Agosti 23, 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta na gesi la Sleipner A ulikuwa ukizamishwa taratibu katika ghuba karibu na mji wa Stavanger, Norway, kwa majaribio. Ukuta mmoja ulipasuka, maji yakaingia, na msingi mzima ukaenda chini. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700.

Uchunguzi ulibaini kwamba wahandisi walikuwa wameugawa muundo huo katika vipande vya hesabu kwa kutumia programu ya NASTRAN, na katika pembe ambako kuta zilikutana vipande hivyo havikufaa kwa umbo na ukubwa. Ni kosa lile lile la hatua ndefu katika kikombe cha chai. Programu ilikadiria nguvu ya kukata ukuta kuwa ndogo kwa asilimia 47 kuliko ilivyostahili, na kuta zikajengwa nyembamba kupita kiasi. Hesabu iliyofanywa upya kwa uangalifu ilionyesha kwamba zingepasuka katika kina cha mita 62. Zilikuwa zimepasuka katika mita 65.

Msingi mwingine ulihitajika haraka. Badala ya kungoja majibu mapya ya tarakilishi, wahandisi walirudia mbinu walizotumia miaka 20 awali na kuusanifu kwa hesabu za mkono. Majibu ya tarakilishi yalipopatikana, sehemu kubwa ya msingi ilikuwa tayari imejengwa. Mnamo Aprili 1993 uliunganishwa na sitaha ya jukwaa, ukawa tayari kupelekwa baharini.