Sadfa ya Tarehe 14 Oktoba

Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na Watanzania humkumbuka kila mwaka siku hiyo. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1930, Mobutu alizaliwa Lisala, Kongo. Waliongoza nchi mbili zinazotazamana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mmoja aling'atuka mwenyewe mwaka 1985 akarudi kwao Butiama, mwingine aling'olewa mwaka 1997 baada ya kutawala miaka 32. Wapo wanaosema tarehe imepangwa hivyo ili tuwapime pamoja. Mimi nafundisha takwimu. Naona maisha yao yanafaa sana kulinganishwa, ila tarehe yenyewe haina ushahidi wowote wa kutoa.

Chukua wachezaji 22 waliomo uwanjani, uongeze mwamuzi. Uwezekano kwamba angalau wawili kati ya hao 23 wamezaliwa tarehe moja unazidi nusu. Wanafunzi hukataa katakata, kwa sababu kila mmoja anajiwazia yeye: nani atalingana na mimi? Kwa swali hilo wapo sahihi, maana ungehitaji wenzako 253 ndipo uwezekano ufike nusu. Lakini hatukumtaja mtu. Tunaruhusu yeyote alingane na yeyote, na watu 23 wanatoa jozi 253. Idadi ni ileile, ila safari hii imepatikana kwa watu wachache tu.

Marais wa Tanzania hadi sasa ni sita. Uwezekano wa wawili wao kuchangia siku ya kuzaliwa ni kama asilimia 4, na kweli hakuna waliochangia. Marekani imekuwa na watu 45 katika kiti hicho, na hapo uwezekano unapanda hadi asilimia 94 hivi: Polk na Harding wote ni wa 2 Novemba. Ukiita viongozi wa dunia nzima, jozi zinamiminika. Kikwete, Putin na Askofu Desmond Tutu ni wa 7 Oktoba. Magufuli na Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia ni wa 29 Oktoba. Ukikubali pia kulinganisha kuzaliwa kwa huyu na kufa kwa yule, kama tulivyofanya kwa Nyerere na Mobutu, umejiongezea nafasi maradufu bila kujua.

Kabla ya kustaajabu, kagua pia kalenda. UNESCO iliichagua 23 Aprili kuwa siku ya vitabu duniani kwa kuwa Shakespeare na Cervantes huhesabiwa kufa tarehe hiyo mwaka 1616. Hispania ilikuwa imekwisha kuhamia kalenda ya Papa Gregori, Uingereza bado, kwa hiyo 23 Aprili ya Waingereza ilikuwa 3 Mei kwa Wahispania. Tena Cervantes aliaga dunia tarehe 22; 23 ni ya maziko. Nyerere naye amezaliwa 13 Aprili, kama Thomas Jefferson, rais wa Marekani, lakini kaburi la Jefferson limeandikwa 2 Aprili 1743, kwa kalenda ya zamani. Uingereza na makoloni yake ziliporuka siku 11 mwaka 1752, tarehe yake ikasogezwa.

Kisha uliza sababu. Marais Habyarimana wa Rwanda na Ntaryamira wa Burundi walikufa pamoja usiku wa 6 Aprili 1994 kwa kuwa walipanda ndege moja wakitoka mkutanoni Dar es Salaam, ikatunguliwa Kigali. Hapo hakuna sadfa ya kuhesabu. Kuna ndege na walioitungua.

Tukio linalonisumbua kweli ni la 4 Julai 1826. Jefferson, miaka 83, na rais mwenzake John Adams, miaka 90, walikufa siku hiyo moja, mmoja Virginia na mwingine Massachusetts, miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru la Marekani. Rais mwingine, Monroe, akawafuata tarehe hiyohiyo mwaka 1831. Wengi huamini wazee hao waliishikilia roho hadi siku ifike. Ni fikra inayogusa moyo, lakini takwimu haijaiunga mkono: utafiti wa Ohio uliochapishwa mwaka 2004, uliotazama zaidi ya vifo 300,000 vya wagonjwa wa saratani, haukuona dalili ya watu kuahirisha kifo hadi sikukuu au siku yao ya kuzaliwa ipite. Kwa ushahidi tulio nao, naihesabu kuwa sadfa, iliyo adimu kuliko zote nilizozitaja.

Walimu wa hisabati, msiishie kwenye kete na sarafu mnapofundisha uwezekano. Fungueni rejista. Darasa la wanafunzi 50 lina uwezekano wa asilimia 97 wa kuwa na wawili waliozaliwa tarehe moja. Waacheni watoto wabishe kwanza, kisha wahesabu wenyewe.