Kutundika Kompresa Ukutani kwa Usalama

Wakulima wengi wa skimu wana karakana ndogo kando ya ghala, na katika baadhi yake umo mtambo wa kushindilia upepo, yaani kompresa. Mtambo huu hujaza upepo magurudumu ya mkokoteni na trekta, na hupuliza vumbi na makapi katika mashine. Kwa kuwa nafasi ni finyu, wengine hupenda kuutundika ukutani. Ni jambo jema, lakini lifanywe kwa utaratibu, kwani mtambo ukianguka waweza kumwua mtu.

Kwanza chunguza ukuta. Kompresa yenye tangi la lita 24 huwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi. Uzito huo si mkubwa. Taabu ni mtetemo. Kila mtambo unapofanya kazi hutikisa bolti, na tundu hupanuka kidogo kidogo mpaka bolti ikalegea. Kwa hiyo ukuta wa udongo au wa mabati haufai kamwe. Mwenye ukuta wa namna hiyo na auweke mtambo chini, juu ya sakafu ya saruji. Ukuta wa mawe ya kuchonga uliojengwa kwa saruji wafaa.

Ukuta ukifaa, fanya hivi:

1. Tengeneza rafu ya chuma yenye mikono miwili ya kuitegemeza kwa chini. Usining'inize mtambo kwa tangi lake, wala usilitoboe au kulichomelea tangi hilo. Tangi lililodhoofika laweza kupasuka.

2. Toboa katikati ya mawe, si penye viungo vya saruji, na mbali na ukingo wa mlango. Tumia bolti nne za milimita 12 zinazopenya ukuta mzima. Upande wa nje weka bamba la chuma, kisha kaza nati mbili katika kila bolti.

3. Sawazisha rafu kwa pima maji. Mtambo wa oili ukiinama, oili haifiki inapotakiwa.

4. Kabla ya kuweka mtambo, weka juu ya rafu gunia la mbolea la kilo 50, uliache usiku kucha. Asubuhi ukiona ufa, au rafu imeinama, anza upya.

5. Weka vipande vya mpira wa gurudumu kuukuu chini ya miguu ya mtambo ili kupunguza mtetemo, kisha uufunge kwa bolti.

Rafu iwe kimo cha kifua, na iwe wazi chini, ili usome geji na kufikia kizibo cha kutolea maji kilicho chini ya tangi. Mtambo uwe mbali na petroli na dawa za kunyunyizia.

Upepo ukishindiliwa huacha maji ndani ya tangi, hasa wakati wa mvua. Maji hayo hula chuma kwa ndani, mahali usipoona. Basi kila jioni zima mtambo, punguza upepo, fungua kizibo, maji yatoke. Valvu ya usalama usiizibe wala usiikaze, hata ikivuma. Hiyo ndiyo mlinzi wako. Kila wiki kagua nati zote na ukuta wenyewe.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkulima mwenye kompresa ukutani na aanze kwa kukaza nati.