Jiko la Umeme la Kioo Lililotumika: Ikague Nyumba Kabla ya Kulipia

Katika masoko ya Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita, majiko ya umeme yaliyotumika huuzwa pamoja na majokofu, pasi na mashine za kufulia. Baadhi hutoka ng'ambo yakiwa mitumba. Mengine huuzwa na watumishi wanaohama baada ya mikataba yao kwisha. Miongoni mwake yamo majiko yenye uso wa kioo cheusi, yanayopendwa kwa kuwa hayatoi moshi wala masizi, na uso wake husafishwa kwa kitambaa tu. Jiko la namna hii, hata likiwa la zamani, laweza kupika vizuri kwa miaka mingi. Hata hivyo, nyumba nyingi hazikuwekewa nyaya za kulibeba. Kwa sababu hiyo tunamshauri mnunuzi aikague nyumba yake kabla ya kulipia jiko.

Namna linavyofanya kazi

Kioo cha jiko hili ni cha seramiki, ambacho hutanuka kidogo sana kwa joto. Ndiyo maana hakipasuki hata sehemu moja ikiwa nyekundu kwa moto na ya pili ikiwa baridi. Kampuni ya Corning ya Marekani iliuza majiko ya aina hii tangu miaka ya 1960, na kampuni ya Schott ya Ujerumani ikaleta kioo chake kiitwacho Ceran mwaka 1971. Chini ya kioo mna utepe wa waya unaopata moto mkali, pamoja na kidhibiti kinachouzima na kuuwasha ili kioo kisizidiwe na joto. Kuwaka na kuzimika huko si ubovu.

Je, nyumba italiweza?

Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230, haibebi zaidi ya wati 2,990. Duara moja la kupikia hutumia takribani wati 1,200 hadi 2,000, na jiko lenye maduara manne na oveni laweza kufikia wati 7,000 au zaidi. Jiko hilo lisichomekwe kwenye soketi ya ukutani wala kwenye waya wa kuongezea. Kwa kawaida huhitaji njia yake pekee kutoka swichi kuu, yenye waya wa milimita 6 za mraba, kikata umeme cha ampea 32 na swichi yake karibu na jiko. Nyumba inayotumia kifaa cha UMETA, kilichokusudiwa taa na matumizi madogo, haifai kwa jiko hili mpaka iwekewe nyaya kamili.

Jambo la pili ni waya wa ethi. Katika kiangazi kirefu cha Shinyanga na Geita, udongo hukauka na uwezo wake wa kupitisha umeme hupungua. Ethi iliyokuwa salama wakati wa masika yaweza kuwa dhaifu mwezi Septemba. Fundi aipime kwa kifaa chake, na aweke kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30. Fundi huyo awe na leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe.

Kagua jiko lenyewe

Soma kibandiko cha chuma nyuma ya jiko au ndani ya mlango wa oveni. Kikionyesha volti 120/240 na hezi 60, jiko ni la Marekani. Majiko mengi ya nchi hiyo yaliyofungwa kabla ya 1996 yana bodi la chuma lililounganishwa na waya wa nyutro. Waya huo ukikatika, bodi zima laweza kuwa na umeme. Usilitumie kabla ya fundi kuondoa kiungo hicho na kuliwekea ethi.

Washa kila duara dukani, kisha jiko likipoa pitisha ukucha juu ya kioo. Mikwaruzo haina madhara makubwa, lakini ufa, hata mwembamba kama unywele, huruhusu maji na mchuzi kufikia nyaya zenye umeme. Gundi haiponyi ufa. Rudia ukaguzi jiko likifika nyumbani, kwa kuwa barabara ya vumbi hutikisa. Majiko ya kabla ya miaka ya 1980 huenda yakawa na asbesto; usiyafumue wala kupuliza vumbi lake.

Matumizi ya kila siku

Tumia sufuria yenye kitako bapa. Ya mviringo hupoteza joto na kuchelewesha chakula. Usisongee ugali juu ya kioo: ipua sufuria, iweke mahali imara, songa, kisha irudishe. Sukari au uji mtamu ukimwagika, zima jiko na uondoe kwa uangalifu kabla haujaganda, kwani ukiganda huweza kung'oa vipande vya kioo. Usisugue kwa waya wa kusugulia. Wazuie watoto hadi kioo kipoe, kwa sababu hubaki na moto hata wekundu ukitoweka.

Kumbuka pia LUKU. Duara la wati 1,800 likiwaka mfululizo saa moja kila siku hutumia uniti 54 kwa siku 30. Kwa mteja mdogo asiyepaswa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, zinabaki 21 tu kwa taa, jokofu na vinginevyo.

Haki yako

Dai risiti inayoeleza aina ya jiko na hali yake, na uandikishe muda wa kulirudisha iwapo lina kasoro. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumpotosha mnunuzi, hata kwa bidhaa iliyotumika. Muuzaji akikataa kuliwasha mbele yako, usilipe.