Sengenya Ndani ya Gemu: Faili za Muziki na Nafasi ya Vijana wa Tiwi

Kijana wa Tiwi, kaunti ya Kwale, anayecheza gemu ya kompyuta leo, awe kwao nyumbani au kwenye saiba ya kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, huendesha magari katika miji asiyoijua huku akisikiliza muziki uliotungwa mbali na pwani ya kusini. Si lazima iwe hivyo. Katika gemu nyingi muziki haukuunganishwa na programu moja kwa moja. Umewekwa katika faili zake, ndani ya folda inayofunguka, na mchezaji anaweza kuongeza faili nyingine au kubadilisha zilizopo bila kugusa hata mstari mmoja wa programu. Hoja yangu ni kwamba uwezo huu, ambao wengi huuchukulia kuwa ni mambo ya watoto, una faida mbili kubwa: unamfundisha kijana sayansi ya sauti na ya kompyuta kwa gharama ndogo, na unaupeleka muziki wa Wadigo mahali ambapo vijana wenyewe wameshakwenda.

Tuanze na namna jambo lenyewe linavyowezekana. Mwaka 1996 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa gemu ya Quake ikiwa kwenye CD. Sehemu ya kwanza ya CD ile ilikuwa gemu yenyewe, na sehemu ya 2 hadi ya 11 zilikuwa muziki wa Trent Reznor na kundi lake la Nine Inch Nails, uliohifadhiwa kama ulivyohifadhiwa kwenye CD yoyote ya nyimbo. Baadaye gemu ilipouzwa kupitia intaneti bila CD, muziki ulibaki nyuma, na kwa miaka mingi walioinunua hivyo walicheza kimya kimya. Dawa ilitoka kwa wapenzi wa gemu. Kampuni ilikuwa imetoa msimbo wa Quake hadharani mwaka 1999, nao wakautumia kutengeneza matoleo yanayotafuta faili zenye majina track02.ogg hadi track11.ogg ndani ya folda iitwayo music. Ukiziweka, muziki unapigwa, ukiziondoa, unanyamaza. Hesabu inaanzia 02 kwa sababu nambari ya kwanza ilikuwa ya gemu. Na kwa kuwa programu hutazama jina la faili tu, ukichukua wimbo wa sengenya, ngoma ya Wadigo, ukauhifadhi kwa muundo huo wa Ogg na kuuita track02.ogg, Quake itapiga sengenya. Ni kama redio kaseti: mashine haichagui mwimbaji, hupiga kanda iliyotiwa.

Mfano unaojulikana zaidi kwetu ni Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004 na kufika kwenye kompyuta mwaka 2005. Toleo la kompyuta lina folda iitwayo User Tracks katika sehemu ya hati za mtumiaji. Mchezaji huweka nyimbo zake humo, hufungua sehemu ya sauti ndani ya gemu na kuiamuru ikague folda, kisha nyimbo hizo hugeuka kuwa kituo cha redio ndani ya gari. Kuna pia Luanti, iliyoitwa Minetest hadi mwaka 2024, gemu ya bure yenye msimbo wazi ambayo haihitaji kompyuta ya bei kubwa. Humo mtu huongeza sauti kwa kuziweka katika folda ya sounds, na akitaka sauti itoke mahali maalumu ndani ya ulimwengu wa gemu, kanuni inamtaka atumie faili ya chaneli moja, si mbili. Kanuni hiyo ni somo zima la fizikia. Kompyuta ndiyo inayokokotoa kiasi cha sauti cha kupeleka sikio la kushoto na la kulia, na jinsi sauti inavyofifia kadiri mchezaji anavyokwenda mbali, sawa na uwanjani ambako kila umbali unapoongezeka maradufu sauti ya ngoma hupungua kwa desibeli 6 hivi. Faili iliyokwisha kugawiwa kushoto na kulia tangu studio haiachi nafasi ya hesabu hiyo.

Hesabu nyingine inamgusa kila anayenunua bando. Ili kunasa sauti yote ambayo sikio la binadamu linaweza kuisikia, yaani hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, kompyuta inapaswa kuipima sauti zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. CD huipima mara 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo ni baiti 2, na chaneli ni 2, kwa hiyo dakika moja ya muziki ni baiti 10,584,000, karibu megabaiti 10.6. Muundo wa Ogg Vorbis, ambao toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2002, hupunguza mzigo huo kwa kuacha yale ambayo sikio haliyatambui vizuri. Kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, dakika ile ile hushuka hadi baiti 960,000, chini ya megabaiti moja. Kikundi cha ngoma kikitoa nusu saa ya muziki, mfuko mzima wa faili hautafika megabaiti 30, na kijana wa Tiwi ataupakua kwa simu bila kumaliza bando la siku.

Hapa ndipo muziki wa kwetu unapodai ufundi wa hali ya juu. Sengenya ni ngoma za ukubwa mbalimbali, upatu, kayamba na nzumari, na uhai wake umo katika mapigo yanayofuatana bila pengo. Muziki wa gemu aghalabu huzungushwa: ukifika mwisho unaanza tena. Faili ya MP3 huongezewa vipande vya kimya mwanzoni na mwishoni, kwa sababu hupanga sauti katika mafungu ya vipimo 1,152, sawa na milisekunde 26 hivi kila fungu. Chukua mwendo wa mapigo makuu 120 kwa dakika, kila pigo likigawanyika mara tatu: kila kipande kinachukua milisekunde 167 hivi. Pengo la mafungu mawili ni karibu theluthi ya kipande hicho, na mchezaji ngoma yeyote wa Kwale atalisikia kama kujikwaa. Ogg hutunza urefu kamili wa wimbo, ndiyo maana watengenezaji wengi wa gemu huipendelea. Kayamba nalo lina tabu yake. Mbegu kavu zikigonga matete hutoa sauti kali, fupi, zenye mitetemo ya juu sana, na mitetemo hiyo ndiyo ya kwanza kutupwa faili inapobanwa kupita kiasi. Mwangwi wa sauti huanza kusikika kabla ya pigo lenyewe, na mchakacho hugeuka ukungu. Kwa hiyo anayeandaa faili za kayamba aruhusu ukubwa zaidi kuliko anayeandaa chivoti, ile filimbi ya Wadigo inayopulizwa kwa ubavu, ambayo sauti yake ni laini na hubanwa kwa urahisi.

Wapo watakaosema kuburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine si sayansi, na kwamba gemu zinapoteza muda wa wanafunzi. Ni kweli kwamba kuburuta peke yake hakufundishi mengi, na saa za kulala na za kusoma zina haki yake. Lakini faili ikikataa kupigwa, lazima kijana aulize kwa nini: je, jina limekosewa, muundo siwo, chaneli ni mbili badala ya moja? Kutafuta kosa kwa utaratibu, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati na kupima matokeo, ndiyo kazi ya mhandisi kila siku. Wengine watasema gemu zenyewe ni za wageni, na kuzitia ngoma zetu ni kupamba nyumba ya jirani. Kenya imeshaonyesha inaweza kujenga yake: mwaka 2015 Andrew Kaggia na studio yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ya vita dhidi ya wavamizi kutoka sayari nyingine inayochezwa ndani ya Nairobi. Gemu za namna hiyo zitahitaji sauti za hapa, na sauti hazitapatikana siku ya kuhitajika ikiwa hakuna aliyezirekodi na kuziandaa mapema.

Pingamizi zito zaidi ni la haki na heshima. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, jamii ambazo Wadigo ni mojawapo, Kaya Kinondo ya Diani ikiwemo, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zinazoambatana na kaya ziliorodheshwa kuwa zinahitaji kulindwa kwa haraka. Nyimbo za ibada na za kaya hazifai kuwa burudani ya mtu anayepiga risasi kwenye skrini, na wazee wakikataa, neno lao lisikizwe. Sheria iko upande wao: sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inataka idhini ya jamii kabla ya kutumiwa, na inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista. Rekodi za wasanii nazo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Lakini ulinzi haukatazi kushirikiana. Sengenya ya harusi na sherehe huchezwa hadharani, na kikundi kikikubali kurekodiwa kwa masharti yaliyoandikwa, kikatajwa jina lake ndani ya mfuko wa faili na kupewa fungu lake mapato yakipatikana, kitakuwa kimelindwa kuliko sasa, ambapo mpita njia yeyote hurekodi kwa simu na kuondoka.

Kwa anayeanza leo, hifadhi nakala ya faili za asili kabla ya kuzibadilisha. Faili ya muziki huishia kwa .ogg, .mp3 au .wav na haina haja ya kusakinishwa. Ukiambiwa uendeshe programu ya .exe ili upate nyimbo, ifute. Tumia Audacity, programu ya bure, kukata mwanzo na mwisho wa pigo palepale linapopasa kukatwa. Mcheza kwao hutunzwa, na vikundi vya ngoma vya Tiwi, Diani na Msambweni vinastahili kutunzwa na watoto wao wenyewe. Nawaomba walimu wa kompyuta wa Kwale wafanye zoezi moja muhula huu: wanafunzi wakiombe ruhusa kikundi kimoja cha sengenya, warekodi dakika tano, waziandae kama faili za gemu, na kaunti iandike kazi hiyo katika rejista yake kwa jina la waliopiga ngoma.