Kujiunga ni Siku Moja, Kuoanisha Sheria ni Miaka

Kila mwaka wanafunzi wetu wa somo la tafsiri hutuuliza: ikiwa Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa nini bado tunasikia habari za kurekebisha sheria ili zilingane na za Jumuiya? Swali hili ni zuri, na jibu lake linamhusu kila mwananchi, si mwanasheria peke yake.

Kwanza hatuna budi kutofautisha maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Kutia saini ni kuonyesha nia. Kuridhia ni nchi kukubali, kwa kufuata katiba yake, kufungwa na mkataba. Kuoanisha ni kurekebisha, kufuta au kutunga sheria za nchi ili zisipingane na zile za umoja. Mathalani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini jijini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022 na kuwasilisha hati ya kuridhia tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Hatua mbili za kwanza zilichukua miezi mitatu tu. Hatua ya tatu haipimwi kwa miezi.

Umoja wa Ulaya humtaka mwombaji afanye sehemu kubwa ya kazi hiyo kabla ya kuingia. Kroatia ilijadiliana na Umoja huo sura kwa sura, jumla ya sura 35, tangu 2005 hadi 2011, ikapokewa tarehe 1 Julai 2013. Kwetu mambo ni tofauti. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Jumuiya kinataja masharti ya jumla: utawala bora, demokrasia, haki za binadamu, ujirani wa kijiografia, uchumi wa soko na sera zinazopatana na za Jumuiya. Kazi ya kuoanisha sheria mojamoja kwa kiasi kikubwa huja baadaye. Ndiyo maana Rwanda na Burundi zilikuwa wanachama kamili tarehe 1 Julai 2007, lakini zilianza kutekeleza Umoja wa Forodha Julai 2009, kwa kufuata sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004.

Je, sheria mbili zikigongana? Kifungu cha 8 kinasema kwamba katika mambo ya utekelezaji wa Mkataba, sheria za Jumuiya zina nguvu kuliko sheria za nchi zinazofanana nazo. Hata nchi waanzilishi hazikusalimika. Mwezi Machi 2007 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba kanuni zilizotumiwa Kenya kuwapata wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki zilikiuka Mkataba. Kenya ililazimika kurudia kazi hiyo.

Hata hivyo, kuoanisha si kufanya kila kitu kuwa kimoja. Magari ya Kigali na Bujumbura bado hupita kulia, ya Kampala na Nairobi kushoto, na Jumuiya haijavunjika.

Ugumu mwingine unatugusa sisi walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Rwanda, Burundi na Kongo zilirithi mfumo wa sheria wa Kibelgiji. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi wa Kiingereza. Istilahi nyingi za sheria za Kiswahili zilikuzwa ndani ya mfumo huo wa pili. Kongo, Rais hutoa hati ya aina moja, Waziri Mkuu aina nyingine na waziri aina ya tatu, na kila moja ina jina lake kwa Kifaransa. Mfasiri akiziita zote "amri", msomaji wa Kigoma atajuaje ipi iko juu ya ipi?

Jambo hili si mchezo wa maneno. Kifungu cha 30 cha Mkataba kinamruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama kuipeleka sheria ya nchi mbele ya Mahakama ya Jumuiya akiona inakiuka Mkataba. Lakini amepewa miezi miwili tu tangu sheria hiyo itungwe au tangu aijue. Mfanyabiashara mdogo wa mpakani atawezaje kuitumia haki hiyo ikiwa Mkataba haujamfikia kwa lugha anayoielewa?

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Basi na sisi tusingoje wanasheria watuletee istilahi zilizokwisha kuiva. Tunawahimiza wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu waiangalie sehemu hii: wachukue sheria moja ya nchi na moja ya Jumuiya, wazilinganishe neno kwa neno, kisha watueleze mwananchi ataelewa nini. Haki isiyoeleweka ni sawa na chakula kilichofungiwa kabatini.